Kibodi ya Chumba cha Nyuma

3 Februari

Kobe,

Hamjambo huko, wewe na wifi yangu na mtoto? Sisi tunaendelea. Mama mdogo goti limemrudia, anatembea ameshika kuta, na fimbo hataki kwa sababu eti fimbo ni ya wazee. Mvua iliingia ofisini, nikapanda juu ya bati nikaziba mwenyewe; fundi alitaka kunifanya mjinga. Simu yangu hupokei, ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Sitazungumzia mazishi ya mama. Nilisimama peke yangu upande wa watoto wa marehemu, watu wakatazama, wakaona tulipaswa kuwa wawili. Basi, nimemaliza.

Shida yangu ni hii. Mahakama wamebandika tangazo: kazi ya kuchapa kumbukumbu za kesi haitagawanywa tena, itapewa ofisi moja. Mwenye ofisi atafanya mtihani yeye mwenyewe, kwa kibodi yake: maneno sabini kwa dakika, nusu saa bila kusimama. Mtihani ni Septemba. Unajua nilianza na meza ya kuazima kwenye korido, watu wakinipita na mafaili kama wanapita tenga la nyanya. Leo mahakamani wananiita Cherehani. Robo tatu ya kazi yangu inatoka kwao. Ikiondoka, na mimi nafunga mlango.

Mwaka juzi nilikuwa na themanini na moja. Wiki iliyopita nimejipima: hamsini na nane. Mkono wa kulia unakufa ganzi kuanzia kidole cha mwisho hadi kwenye kiwiko. Kibodi yangu nayo imechoka, vitufe vinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Wewe unashinda na kibodi za kila aina huko kazini. Nitafutie iliyo bora. Iwe laini, iwe nyepesi, isiwe na kelele. Hasa isiwe na kelele.

Dada yako.

Chumba cha mama, kile cha nyuma ya ofisi, nimekifunga kwa ufunguo. Mama mdogo atakuambia, na ni kweli, na usiniulize.


28 Februari

Dada Cherehani,

Salamu zimefika, na tunakurudishia nyingine. Mtoto ameota jino la nne na sasa anauma kila mtu isipokuwa chakula. Mwambie mama mdogo kuna fimbo za kukunja, akiona mtu anakuja anaificha kwenye mkoba.

Nimekutumia kibodi kwenye kifurushi hiki. Ni bapa, unaweza kuidhania trei. Usiidharau. Nimeitoa kwenye shehena ya ofisi moja iliyofunga; zote hupita mikononi mwangu. Nazifungua, nazisafisha, nabadilisha raba zilizokufa, kisha nabonyeza kitufe kimoja kimoja kwa kidole hiki hiki cha shahada kuona kama herufi inatokea. Hii haisikiki kabisa. Ukiichapia karibu na mtoto aliyelala hageuki.

Sasa sikiliza fundi. Kibodi ni nusu tu ya dawa. Shusha meza au pandisha kiti mpaka viwiko viwe sawa na vitufe. Vile vijiguu vya nyuma vya kuiinua usivisimamishe, ndivyo vinavyovunja kifundo cha mkono. Na wewe unabonyeza hadi chini kabisa kama unaua mdudu. Acha. Herufi inatokea kabla ya hapo, nguvu iliyobaki unaipigia meza bure.

Pole na bati.

Mdogo wako, Kobe


20 Machi

Kobe,

Sote wazima. Mama mdogo amesema fimbo ya kukunja ni fimbo. Nimefurahi kusikia jino la nne, ingawa picha ya mtoto nimeahidiwa tangu hajawa na hata moja.

Umeandika kurasa mbili, mbele na nyuma, kuhusu viwiko. Kuhusu Juni iliyopita hukuandika hata mstari. Unanipiga chenga kwa mkono mzuri kweli. Na hilo nalo: mtu anayeshinda na kibodi, barua zake zote ni za kalamu?

Haya, hesabu. Nilishusha meza kwa msumeno, nikakata miguu yote minne. Ganzi imepungua, hilo nakupa. Siku ya kwanza nilifika sitini na tatu, nikajua nimepona. Siku ya pili hamsini na tano. Tangu hapo naganda kwenye arobaini na tisa.

Sababu si kibodi. Sijui hata niandikeje, nitaandika hivyo hivyo. Kuna kelele chumba cha nyuma. Ilikuwepo kabla, ila kibodi yangu ya zamani ilikuwa inaifunika. Sasa yangu haisikiki, hiyo nyingine ndiyo inasikika. Mchana, mahakama wakiwa wameenda kula na ofisini hakuna mtu. Nimetia pamba masikioni, haikusaidia. Karani wa mahakama, yule mwenye miwani ya kamba, aliniambia ni panya. Nikamwambia sawa.

Lakini Kobe, panya hashuki mstari. Mimi nimekulia ndani ya sauti hiyo. Najua mtu akichapa neno, najua akiruka nafasi, najua akibonyeza kile kitufe kikubwa cha kushuka. Panya hafanyi hivyo.

Nitafutie nyingine.

Dada yako.


14 Aprili

Dada,

Tunakusalimu. Picha ya mtoto hii hapa, ametikisika, yeye hatulii. Wifi yako anauliza kama ulikata miguu ya meza kweli au ni maneno. Nimemwambia hakujui.

Huenda ni jirani. Kuta za jengo lile ni nyembamba, nakumbuka tulikuwa tunasikia hadi kijiko cha mpangaji wa upande wa pili. Huenda pia ni bati linapopata jua. Nakupa sababu mbili, chagua moja.

Kibodi ya safari hii imekatwa katikati, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, kila moja unaiweka mbele ya bega lake. Usicheke. Wenye ganzi kama yako wanaisifu, mikono haibanwi kifuani. Inataka uvumilivu wiki tatu hivi.

Nilitaka kukuuliza, ile kibodi ya mama iko wapi?

Kobe


6 Mei

Kobe,

Picha nimeibandika juu ya meza. Pua ni ya kwetu. Mama mdogo ameibusu mpaka imepata alama ya mafuta.

Kibodi yako ya vipande viwili imenitia aibu. Mteja aliingia, akatazama, akasema, "Mama, pole, ilipata ajali wapi?" Nimeivumilia wiki tatu ulizosema. Maneno arobaini. Nimeirudisha kwenye boksi lake.

Umeuliza kibodi ya mama. Iko kitandani kwake, alipoiacha. Na kwa kuwa umeuliza mwenyewe, utasikia mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka jana, kabla hajalala moja kwa moja, aliniomba ile kibodi yake ya zamani, ile nzito ya rangi ya maziwa yaliyochacha. Nikampelekea. Akaiweka mapajani juu ya shuka, akaanza kuchapa. Haikuwa imechomekwa popote, waya ulining'inia tu pembeni ya kitanda. Nikamwambia, "Mama, nikuchomekee kwenye kompyuta, uone unachoandika?" Akasema, "Waya wa nini? Anayehitaji anasikia."

Ikawa kila siku. Mimi mbele nachapa kesi za watu, yeye nyuma ya ukuta anachapa. Tarehe kwanza, kisha anashuka mistari miwili, kisha mistari mifupi mifupi, anashuka, anashuka. Nani asiyejua umbo la barua? Nilielewa mara moja. Mtoto aliyekuwa mbali alikuwa mmoja tu.

Niliyemgeuza ubavuni ni mimi. Niliyemkata kucha ni mimi. Niliyeacha kazi katikati ya sentensi nikimbilie chungu chake cha haja ni mimi. Na yeye akatumia mikono yake ya mwisho kukuandikia wewe, miezi mitano, wewe ambaye hata kumfukia hukuja. Kwangu mstari mmoja hakuandika, Kobe. Mmoja.

Na bado anakuandikia. Ila sasa hachapi vizuri kama zamani. Anaanza, anasimama, anaanza tena, kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi ya taa. Mkono wangu ukimsikia akisimama, na wenyewe unasimama. Ndiyo ile arobaini na tisa. Sasa unajua.

Kwa nini hukuja?

Dada yako.


29 Julai

Dada,

Wote wazima hapa. Mtoto anatembea. Mpe mama mdogo pole ya goti.

Najua nimechelewa. Barua yako ya Mei imekaa kwenye mfuko wa shati langu la kazi mpaka imechanika kwenye mikunjo, nikaigundisha kwa selotepu. Uliiandika kwa hasira, lakini kwangu ilikuwa kama kupokea mali. Kwamba mama aliniandikia kila siku. Nimetembea nayo, nimefanya nayo kazi, nimekula nayo. Miezi miwili na zaidi nimekuwa mtu mwenye barua. Ndiyo maana sikukujibu. Nilijua nikishika kalamu itabidi niirudishe.

Swali lako nimeliona. Nimeliona kila mara ulipoliuliza.

Sikiliza. Unakumbuka mama alipokuwa akifundisha watu kuchapa pale sebuleni? Wewe ulikuwa unamaliza ukurasa, unatoka kwenda kucheza. Mimi nabaki. Jina la Kobe nililipata kwenye kile kiti. Baada ya wote kuondoka alikuwa anafanya jambo ambalo wewe hukuliona, kwa kuwa ulishatoka. Aliketi nyuma yangu na mashine nyingine isiyo na karatasi. Mimi nausoma mstari kwa mdomo, yeye anausikia, kisha tunaupiga pamoja, yeye neno moja mbele yangu. Hakunionyesha kitu. Alisema, "Usitazame. Sikiliza, unifuate." Na mkono wangu ulimfuata kama ndoo inavyofuata kamba. Nikisimama, naye anasimama, ananisubiri.

Nilipata kumwuliza kwa nini haweki karatasi. Akaniambia, "Karatasi ya nini? Anayehitaji anasikia."

Sasa wewe ndiye mkali wa hesabu. Unaposoma jalada, bado unasoma mstari kwa mdomo kabla ya kuupiga? Najua unasoma, hujawahi kuacha. Kumbukumbu za kesi zinaanzaje? Tarehe. Unashuka mara mbili. Swali, unashuka. Jibu, unashuka. Mistari mifupi mifupi. Na mkono wako ulianza kufa ganzi lini, na ulimwambia nani?

Sina barua, Dada. Sikuwahi kuwa nayo.

Kibodi ya humu ndani ina springi za chuma, kila kitufe na yake. Inapiga kelele kama mabati yanayopigwa na mvua ya mawe. Uliniomba isiyo na kelele, nami nikakutumia isiyosikika. Kama ninavyofikiri ndivyo, tulimziba mama masikio, hajui tena umefika wapi.

Usinicheke kwa kalamu. Tangu siku ile uliponipigia simu ya msiba, sijaweza kuchapa neno zima. Kitufe kimoja kimoja nabonyeza, herufi zote zinakuja. Nikitaka ziwe neno, mikono inabaki hewani.

Kobe


21 Agosti

Kobe,

Mama mdogo amenunua fimbo. Ameinunua mwenyewe na anasema ni ya kufukuzia paka.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaitupa. Nikasema huyu ananionea huruma, kwa kuwa kuja alishindwa basi ananitungia hadithi. Nikaiokota jioni nikifagia.

Mkono ulianza Januari ya mwaka jana. Sikumwambia mtu. Nilichelewesha jalada moja, la kwanza tangu nifungue ofisi, karani akalifuata mlangoni akinitania, "Cherehani leo imekata uzi?" Nikacheka naye. Mama alikuwa nyuma ya ukuta. Wiki ile ile ndiyo aliomba kibodi.

Nimeipiga hesabu hii kila upande, jibu halibadiliki. Alisikia napunguza mwendo kabla mimi mwenyewe sijakubali, akaanza kunitangulia.

Nikafungua chumba. Vumbi, na harufu ya ile dawa ya kuchulia. Kibodi ipo mapajani pa shuka, unaelewa ninachosema, pale mapaja yalipokuwa. Sikuigusa. Niliacha mlango wazi, nikarudi mbele, nikachomeka hii yako ya mabati. Mchana, watu wameenda kula. Nikachukua jalada la ugomvi wa mpaka wa shamba. Nikasoma mstari kwa mdomo, nikaanza kuupiga.

Mwanzo ile sauti ya nyuma ilipapasa kama kawaida. Ikapotea. Ikarudi. Kisha ikanipata.

Sitakueleza zaidi ya hapo maana nywele zinanisimama hata sasa. Ilikuwa neno moja mbele. Sikugeuka. Shingo ilitaka kugeuka, nikaikatalia, kwa sababu ulisema alikuwa akikuambia usitazame. Nilipofika mwisho wa ukurasa uso ulikuwa umelowa na sikujua umelowa saa ngapi. Sitini na nne. Wiki iliyofuata sitini na tisa. Jana sabini na tatu, na kidole cha mwisho bado kina uhai.

Ungeweza kubaki na zile barua. Nilikuwa nimekupa, hakuna ambaye angekudai. Hilo nalijua.

Dada yako.


17 Septemba

Kobe,

Hatujambo. Paka ameonekana akilalia fimbo.

Sabini na sita. Makosa mawili katika nusu saa. Tulikuwa wenye ofisi kumi na mmoja kwenye ukumbi, kila mtu na kibodi yake kwapani kama tunakwenda kuuza mikate. Nilipoanza, msimamizi alikuja akanong'ona, "Mama, hapa si kiwandani." Nikamwambia hakuna kanuni inayokataza kelele, nimeyasoma masharti yote. Akarudi kukaa. Nyuma yangu palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta choo cha wafanyakazi. Ukiniuliza nilisikia nini, nilisikia cha kunitosha. Karani wa miwani ya kamba ndiye aliyesoma matokeo, akasema, "Cherehani imetiwa uzi." Kazi ni yangu.

Sasa kifurushi. Ndani ni ile ya mama. Nilisita muda mrefu, sikufichi. Nikaukumbuka ule mstari wako, mikono inabaki hewani. Mgonjwa wa mkono katika nyumba hii sasa ni wewe.

Sikuisafisha. Nawe usiisafishe, najua ndiyo kazi yako, lakini usiisafishe. Iweke nyuma yako, mahali usipoiona. Usiichomeke. Yako ikipiga kelele ndiyo nzuri.

Swali la kwa nini hukuja sitaliuliza tena. Si kwamba nimesamehe. Ni kwamba nimechoka kulibeba mwenyewe.

Dada yako.


9 Oktoba

Kobe,

Salamu nyingi kwenu. Naandika haraka, kuna majalada mpaka mlangoni na nimemwajiri msichana wa pili.

Nataka tu ujue. Leo mchana, katikati ya mstari, kule nyuma kumenyamaza. Haikupapasa, haikupotea kidogo kidogo kama zamani. Ilikuwepo, kisha haikuwepo. Kifurushi kilikuwa kimeondoka zamani na bado nilikuwa naisikia, kwa hiyo nilidhani haihusiani na kibodi kuwepo hapa.

Halafu nikasoma mstari uliofuata kwa mdomo, nikaupiga peke yangu. Nimejipima baadaye. Sabini na tano. Chumba nimekiacha wazi, kinapata hewa.

Kifurushi hakijafika bado?

Dada yako.


9 Oktoba

dada,

kimefika leo mchana. nimekiweka nyuma yangu juu ya kabati, waya unaning'inia. sijaisafisha.

samahani kwa herufi ndogo, sitaki kusimama kutafuta ile ya kukuzia. hii ni barua yangu ya kwanza ya kuchapa tangu juni ya mwaka jana. mtoto amelala, wifi yako yuko dukani. nilikaa mbele ya mashine mikono ikiwa hewani kama kawaida, nikaona aibu, mtu mzima. kisha nikafanya kama zamani, nikasema mstari kwa mdomo kwanza. nikasema, dada, kimefika leo mchana.

nitakuambia kwa nini sikuja. nitakuambia katika barua hii hii, usiwe na wasiwasi, mikono inakwenda. nilisimama kidogo hapo kabla ya neno sikuja, nikangoja, na nyuma yangu naye akangoja.

sigeuki. nasoma kwa mdomo, napiga. yuko mbele yangu neno moja.